Nanyuki: Wikiendi ya Ng'ombe, Faru na Hesabu za Wawili

TUTOKE WAWILI — Safu ya Mhariri

Meseji zenu nazipata, na siku hizi nyingi zina lalamiko moja: mhariri, kila mwezi ni bahari tu, madafu tu, machweo tu, hivi dunia haina sehemu nyingine ya kumpeleka mtu umpendaye? Haya, nimewasikia. Mwezi huu kandambili ziache nyumbani, tafuta sweta. Tunapanda kwenye baridi, kwenye mji uliokua kwa sababu ya ng'ombe.

Mji wenyewe ni Nanyuki, Kenya, kama kilomita 200 kaskazini mwa Nairobi, miguuni pa Mlima Kenya. Kwa wenzangu wa Arusha jina hili si geni: ng'ambo ya Mlima Meru tunayo Ngarenanyuki yetu. Kwa Kimaasai engare ni maji, na nanyokie ni kitu chekundu. Ukilisikia jina tu, unajua ni nani waliochunga hapo kabla ya wengine wote.

Mimi na mwenzangu tulikuwa na siku 4 za likizo na jambo moja lisilokwisha. Tuna akiba ya miaka 3 ya kujengea nyumba, kiwanja kipo tayari Bunju. Ghafla mwenzangu, mtu wa benki, tai na viatu vya kung'aa, akaanza kuota ng'ombe. Kunenepesha, kuuza, kununua tena. Alitaka nusu ya akiba iende kwenye ng'ombe 30. Mimi sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nikasema twende kwanza tukawaone hao ng'ombe wanakofugwa kwa mamia.

MJI ULIVYOZALIWA

Usiruke kipande hiki, maana ukikijua, kila uzio utakaopita njiani utakuwa na maana. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilitiliana mkataba na viongozi wa Wamaasai, wakahamishwa kutoka Bonde la Ufa. Wengine walipelekwa kusini, wengine Laikipia, kwa ahadi kwamba hapo ndipo pao. Ahadi haikudumu. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili, Wamaasai wa Laikipia nao wakaambiwa wafungashe wahamie kusini na mifugo yao. Kiongozi wao mmoja, Ole Gilisho, akaenda mahakamani. Mwaka 1913 mahakama ikasema haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo. Basi, ikaishia hapo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja walowezi, wengi wao askari waliopewa mashamba, na katika miaka ya 1920 mji ukaanza kuchangamka. Reli ikafika 1930. Nyanda zile kavu hazikuwafaa sana wenye kulima, ila kwa ng'ombe ni penyewe, na ndiyo maana ranchi za Laikipia zinahesabiwa kwa maelfu ya ekari mpaka leo. Hoteli ya Sportsman's Arms ni ya enzi hizo, na ukikaa kwenye bustani yake na chai ya maziwa unaipata ile hali ya zamani.

Sasa mbona nakupa historia kwenye safu ya mapenzi? Kwa sababu ukiwa kule utaona uzuri wa ajabu, na uzuri ule una wenyewe wengi. Mwaka 2017 ukame ulipobana, wafugaji waliingiza maelfu ya ng'ombe kwenye ranchi na hifadhi za Laikipia wakitafuta majani, na watu wakapoteza maisha. Swali la nani achunge wapi bado ni bichi. Nenda ufurahie, lakini usiende umefumba macho.

YA KUONA MJINI

Anza na ikweta. Mstari unapita pembeni tu mwa mji na kibao chake kiko barabarani, kwa hiyo picha ya mmoja kasimama kaskazini na mwingine kusini ni lazima, usinidanganye kwamba utaiacha. Kuna vijana wenye karai lenye tundu na kijiti: upande huu maji yanazunguka hivi, upande ule yanazunguka vile, halafu unauziwa cheti. Ukweli ni kwamba kwenye karai dogo vile mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuamua chochote, kinachoamua ni namna maji yalivyomiminwa. Sisi tulitoa hela kwa furaha. Mchezo mzuri unalipiwa.

Pili, Nanyuki Spinners and Weavers, kikundi cha wanawake kilichoanza 1977. Wanasokota sufu kwa mkono, wanaitia rangi, wanafuma mazulia, mablanketi na shali. Utaoneshwa kazi hatua kwa hatua, kuanzia manyoya machafu ya kondoo mpaka zulia la sebuleni. Kama unatafuta zawadi ya harusi ambayo hakuna mgeni mwingine atakayekuja nayo, umefika. Na tafadhali usiombe bei ya chini mpaka mtu aone aibu, kazi ya mkono ina siku zake ndani.

Tatu, chakula. Nyama choma ni nyingi na nzuri, mji wa ng'ombe huu, ulitegemea nini? Ila kwa mlo wa wawili nenda Trout Tree, barabara ya kuelekea Naro Moru. Ni mgahawa uliojengwa juu ya mti mkubwa wa jamii ya mkuyu. Chini kuna mabwawa ya samaki aina ya trauti, na juu mbega wanaruka tawi hadi tawi na mikia yao meupe. Samaki anatoka bwawani, anaingia jikoni, anakuja mezani. Mwambie mwenzako azime simu. Mkishindwa kuongea pale, basi tatizo si mahali.

FARU WAWILI WA MWISHO

Safari ya siku nzima ni Ol Pejeta, hifadhi ya ekari 90,000 iliyo karibu na mji. Hapa nyuma palikuwa ranchi ya ng'ombe. Aliwahi kuimiliki Lord Delamere, baadaye tajiri wa silaha wa Saudia, Adnan Khashoggi, akaifanya mahali pa kupumzikia. Leo ni hifadhi yenye faru weusi zaidi ya 150.

Wengi wanakwenda kwa ajili ya Najin na Fatu, mama na binti, faru weupe wa kaskazini wawili pekee waliobaki duniani. Waliletwa 2009 kutoka bustani ya wanyama ya Jamhuri ya Czech pamoja na madume wawili. Dume la mwisho, Sudan, baba yake Najin, alikufa Machi 19, 2018. Wataalamu wamekuwa wakivuna mayai ya Fatu na kuyarutubisha maabara kwa mbegu zilizogandishwa, ili mimba ibebwe na faru jike wa kusini. Kuna makaburi ya faru humo humo, na la Sudan lipo. Nilidhani nitapiga picha na kuondoka. Nilikuta nimesimama nasoma vibao kimoja kimoja, faru huyu aliuawa mwaka huu, yule mwaka ule, wengi wao kwa sababu ya pembe tu.

Halafu kuna sokwe. Kenya haina sokwe wa porini, hawa ni wageni. Kituo chao kilifunguliwa 1993, na wa kwanza walitolewa Bujumbura, Burundi ilipokuwa inaingia vitani. Wengine wamefika baadaye wakiwa wameokolewa mikononi mwa watu. Wakimbizi kama wakimbizi wengine, ila hawa hawatarudi.

NG'OMBE ANALALA WAPI?

Sasa tufike kwenye kesi yetu. Asilimia kubwa ya wageni hawaangalii ng'ombe kabisa, na mimi nakwambia ukienda mji wa ranchi ukaacha ng'ombe umeacha nusu ya safari. Ol Pejeta yenyewe bado ina maelfu ya ng'ombe wa Boran, wanachunga pamoja na pundamilia na tembo. Boran asili yao ni kwa Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya: ana nundu, anavumilia joto na kiu, anatembea mbali bila kudhoofu. Hata ranchi zetu za NARCO zinamfuga, Kongwa mpaka leo.

Mwenyeji wetu alitupeleka jioni kwenye ranchi moja ya jirani tuone ng'ombe wakirudi. Vumbi, kengele, miluzi ya wachungaji, jua linazama nyuma ya Laikipia na mlima unavua mawingu upande wa pili. Nimeona machweo mengi ya baharini, hili liliyashinda.

Ng'ombe huingizwa kwenye boma la vyuma linalohamishika, vipande vinaunganishwa kama uzio wa tamasha, simba na fisi wanabaki nje. Baada ya siku kadhaa boma linahamishwa. Pale walipolala panabaki samadi nene, mvua ikinyesha panaota majani matamu kuliko popote, na swala na pundamilia wanahamia hapo. Watafiti wa Laikipia wamekuta madoa ya namna hiyo yanaendelea kuwa ya kijani kwa miaka mingi baada ya boma kuondoka. Ng'ombe anayeogeshwa joshoni naye anapunguza kupe porini, kupe wanampanda wanakufa. Kumbe ng'ombe na mnyama pori wanaweza kuwa majirani wema, mradi kuna mtu anayepanga kila siku nani anakwenda wapi.

Mwenzangu hapo macho yalikuwa yanawaka. Akaanza kumuuliza mchungaji bei ya dume, bei ya mtamba, kilo ngapi kwa mwezi. Mchungaji, mzee mtaratibu wa maneno machache, akajibu yote. Kisha akauliza yeye swali moja: hao ng'ombe wako 30, usiku watalala na nani?

Mwenzangu akasema ataweka kijana.

Mzee akauliza, na huyo kijana atalala na nani akiugua? Nani atajua kama ndama kafa kwa ugonjwa au kauzwa? Ukame ukija, utamsikia kwenye simu au utauona kwenye mbavu za ng'ombe? Akatuambia kwamba miaka ile mvua ilipokataa, wenye ng'ombe waliokuwa wanakuja Jumamosi na gari walipoteza karibu wote, na waliolala bomani waliuza mapema wakabaki na wachache. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anafunga mlango wa boma huku anaongea.

Nakukumbusha kwamba ukame ule wa 2020 mpaka 2022, misimu 5 ya mvua kushindwa mfululizo kaskazini mwa Kenya, haukuwa wa huko peke yake. Hata Simanjiro kwetu mifugo mingi ilikufa. Yaani kitu tulichokuwa tunakibishania sebuleni Dar kwa hesabu za kwenye simu, pale kilikuwa na harufu, kina kupe, kina usiku.

HESABU ZA MBELE YA MOTO

Usiku Nanyuki ni baridi kweli, mji uko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na hoteli nyingi zinawasha moto wa kuni. Tulikaa mbele ya moto na karatasi. Nilitegemea tutagombana. Badala yake mwenzangu aliandika mwenyewe: mshahara wa wachungaji wawili, si mmoja. Josho. Chanjo. Majani ya miezi ya kiangazi. Maji. Nauli yake ya kwenda Handeni kila wikiendi. Chini kabisa akaandika swali la mzee: nani analala nao? Akakaa nalo muda mrefu.

Kisha akasema kitu ambacho kwa miezi miwili yote ya mabishano sikuwahi kukisikia. Kwamba haoni raha tena benki. Kwamba ng'ombe ilikuwa njia ya kusema anataka kutoka. Jamani, mimi nilikuwa nabishana na ng'ombe, kumbe mtu wangu alikuwa anaomba hewa.

Hapo mazungumzo yakabadilika. Msingi wa nyumba utamwagwa kwanza, hilo tumekubaliana. Ng'ombe wataanza 6, si 30, kwa hela ya akiba yake binafsi na si ya nyumba, kwa mjomba wake anayefuga na anayelala hapo hapo. Likizo yake yote ijayo ataimaliza bomani, na daftari moja tutalisoma wawili kila mwisho wa mwezi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kuhusu benki, bado hatujaelewana. Yeye anasema mwaka mmoja, mimi nasema mitatu. Tunaendelea.

Ndiyo maana nakuandikia haya, mpenzi msomaji. Kila wapendanao wana ng'ombe wao. Kwa wengine ni duka la nguo, kwa wengine ni kuhamia nje, kwa wengine ni shamba la matikiti la kuendeshwa kwa simu. Kabla hamjaweka hela kwenye ndoto, na kabla hamjaikataa pia, nendeni mkaitembelee wote wawili mahali ambapo watu wanaiishi kila siku. Mwenye ndoto ataona kazi yake, na asiyeitaka ataona mwenzake anatafuta nini ndani yake.

KWA WENYE MIGUU

Mlima Kenya una mita 5,199 na vilele viwili vya juu, Batian na Nelion, ni vya wakwea miamba wenye kamba. Wapandaji wa kawaida huishia Lenana, mita 4,985, safari ya siku kadhaa. Lakini kwa siku moja mnaweza kuingia lango la Sirimon na kutembea kuelekea kambi ya Old Moses, mita 3,300, mkarudi. Pole pole. Pumzi itawaambia ukweli.

Msitu wa Ngare Ndare una daraja la waya juu ya vilele vya miti, karibu mita 450, na chini kuna maporomoko na vidimbwi vya maji ya samawati ambavyo mnaweza kuogelea kama baridi hamuiogopi. Msitu huu ni njia ya tembo kati ya mlima na nyanda za Lewa. Tangu 2011 tembo wana njia yao ya kupita chini ya barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru. Binadamu juu, tembo chini, kila mtu na njia yake.

Lewa yenyewe ilikuwa ranchi ya ng'ombe ya familia moja ya walowezi tangu 1922, ikageuka hifadhi. Na kwa mashosti wa mapenzi ya kifalme: ni huku huku Mlima Kenya ambako Prince William alimvisha Kate pete, Oktoba 2010. Mabachela mnaosoma, ushahidi huo, msiseme hamkuambiwa.

Upande wa kaskazini kuna Il Ngwesi, nyumba ya wageni iliyofunguliwa 1996 na inayomilikiwa na jamii ya Wamaasai wenyewe. Ukilala hapo hela yako inarudi kwa watu wa mwanzo wa simulizi hii. Sisi mfuko haukufika safari hii, tumeiweka kwenye orodha.

Na kama mnataka kujidai kidogo, nendeni Mount Kenya Safari Club, ambako mwigizaji wa Marekani William Holden na wenzake walianzisha klabu yao 1959. Si lazima mlale, ulizieni chakula cha mchana. Jirani yake kuna hifadhi inayozalisha bongo wa mlimani, swala mwekundu mwenye mistari meupe ambaye porini hawafiki hata 100.

MAMBO YA KUJUA KABLA YA KUFUNGASHA

Usafiri: kutoka Arusha panda basi la Nairobi kupitia Namanga. Nairobi hadi Nanyuki matatu ni saa 3 mpaka 4, na kuna ndege ndogo kutoka Wilson kwa wenye haraka. Treni ya abiria ilirejeshwa 2020 baada ya miaka mingi ya ukimya. Ulizia ratiba mapema, haitembei kila siku.

Karatasi: beba pasipoti na cheti cha homa ya manjano. Kwenye hifadhi ulizia bei ya wananchi wa Afrika Mashariki kabla hujalipa, tofauti ni kubwa.

Nguo: asubuhi sweta na koti, mchana fulana, jioni koti tena. Viatu vya kufunga. Shosti, visigino virefu viache Dar, huko ni mawe na samadi.

Muda: Januari na Februari, au Juni mpaka Septemba, mvua huwa ndogo. Mlima mtazame alfajiri, ikifika saa 4 asubuhi mara nyingi umeshajifunika.

Bajeti: lala mjini, kodi gari la siku moja tu kwa Ol Pejeta, ikiwezekana mchangie na wapenzi wengine mtakaowakuta hotelini. Kitanda cha kifahari hakiongezi faru.

Na kingine cha bure kabisa: ombeni mwenyeji awapeleke mkaone ng'ombe wakirudi bomani jioni. Nendeni na maswali yenu, na mkae kimya mkiulizwa la kwenu.

Niandikie basi. Wewe na mwenzako ng'ombe wenu ni nini, na mmeshakwenda kumwona? Barua nzuri nitazitoa hapa hapa. Tukutane mwezi ujao, na mpendane.

Mhariri